Shule Zinafunguliwa: Mwalimu Mkuu Aanze Wapi na Walimu Wake?

Desemba ikielekea ukingoni simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni walimu wakuu wapya, baadhi yao tuliwahi kufanya kazi pamoja nilipokuwa naongoza shule za msingi wilayani Kondoa. Shule inafunguliwa Januari, wanataka kujua wawaongoze vipi walimu wao katika wiki zile za mwanzo. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwaka.

Shikamoo Mwalimu. Nimeteuliwa juzijuzi kuwa mwalimu mkuu. Kikao cha kwanza cha walimu nikiendesheje?

Marahaba, na hongera. Kiite siku mbili tatu kabla ya watoto kuingia, kiwe asubuhi, na chai iwepo. Watu wametoka likizo, wengine wamekesha kwenye basi. Usianze kwa kusoma nyaraka zote zilizotoka halmashauri, hizo zibandike kwenye ubao wa matangazo. Anza na yale ambayo mwalimu asipoyajua leo hawezi kusimama darasani Jumatatu: darasa lake, masomo yake, wiki yake ya zamu, vitabu na chaki vilipo.

Kisha waulize, mmoja mmoja, mwaka jana nini kiliwakwamisha. Andika kila jibu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitegemea kusikia habari za mishahara na madawati. Mwalimu mmoja wa kike akasema choo chao hakina komeo, mwaka mzima wanakwenda wawiliwawili ili mmoja alinde mlango. Komeo lilipatikana dukani kijijini siku hiyohiyo, na kabla ya Jumatatu fundi alikuwa ameshalifunga. Muhula ule sikupata shida ya kusikilizwa.

Darasa la kwanza nimpe nani? Walimu wangu hodari nawahitaji darasa la saba, kwa ajili ya mtihani.

Hapa nitakupinga. Shule nyingi humpa darasa la kwanza yule aliyeripoti jana, au anayesubiri kustaafu, au aliyekosana na ofisi. Walimu wanalijua hilo, ndiyo maana ukimpangia mtu darasa la kwanza anahisi ameadhibiwa.

Mpe mwalimu wako bora kuliko wote. Mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, masomo yote yanamfungia mlango kwa mkupuo. Hata hesabu anayoiweza kichwani itamshinda, kwa kuwa swali limeandikwa. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulitanguliza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu hiyohiyo. Hodari uliyemweka darasa la saba atatumia mwaka mzima kuziba pengo lililochimbwa miaka sita nyuma, na hatalimaliza.

Anayefaa darasa la kwanza utamjua kwa dalili. Mwandiko wake ubaoni unasomeka kutoka dawati la nyuma. Anafundisha sauti za herufi, mtoto anaunganisha mwenyewe m na a akapata ma, badala ya kukariri ubao mzima kama wimbo. Hachoki kurudia. Ukishampata, mpunguzie zamu, usimhamishe katikati ya mwaka, na utangaze kikaoni mbele ya wenzake sababu ya kumchagua.

Wiki ya kwanza watoto hawajatimia. Tusubiri watimie ndipo tuanze kufundisha?

Msisubiri. Mtoto aliyekuja siku ya kwanza akakaa bure mpaka saa sita, akirudi nyumbani atasema shule hakuna kitu. Januari kwetu ni msimu wa kupanda na kupalilia, na mama anayehitaji mtu wa kumshikia mtoto mchanga shambani hatakosa la kumjibu.

Lakini msikimbilie mada za kitabuni. Wiki mbili za mwanzo darasa la kwanza lijifunze kuishi shuleni: choo kiko wapi na kinatumikaje, mikono inanawiwa lini, penseli inashikwaje, ukitaka kusema unafanyaje. Yote hayo ni masomo, yaandaliwe kama somo jingine lolote. Madarasa ya juu nayo yasikae bure. Mwalimu wa darasa amwite kila mtoto mezani, amsomeshe aya moja fupi, aandike daftarini kama anasoma kwa ufasaha, anasuasua au hajui kabisa. Daftari hilo litamfaa zaidi ya matokeo ya mwaka jana.

Na majina. Kuna mwaka nilikuwa na mtoto ambaye daftari la mahudhurio lilimwonyesha hayupo siku tatu mfululizo. Nikajiandaa kutuma ujumbe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya nne mwalimu akahesabu vichwa, vikazidi majina yaliyoitikiwa kwa kimoja. Msichana alikuwa kwenye dawati la tatu karibu na dirisha, siku zote hizo, mikono juu ya meza. Daftarini aliandikwa Zainabu. Nyumbani, kwa bibi yake aliyemlea kwa Kirangi, hakuwahi kuitwa jina lingine ila Chausiku. Alikuwa akingoja kuitwa. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimemwagiza yeyote awaulize wazazi jina la nyumbani siku ya kuandikisha. Tangu hapo niliongeza safu moja kwenye kitabu cha uandikishaji.

Nina watoto 130 wa darasa la kwanza na chumba kimoja.

Hauko peke yako. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wamefurika, na kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule nyingi hukiona kwenye karatasi tu. Gawanya mikondo. Vyumba visipotosha, mkondo mmoja uje asubuhi na mwingine mchana, na wazazi waambiwe mapema ili mtoto wa mchana asifike alfajiri. Afisa Elimu Kata apate idadi yako kamili kwa maandishi wiki hiyohiyo.

Walimu wangu wanasema fimbo ya wiki ya kwanza ndiyo inayonyoosha mwaka mzima.

Fimbo ya wiki ya kwanza inamfundisha mtoto mdogo kitu kimoja, kwamba akikosea anyamaze. Mtoto aliyenyamaza huwezi kumfundisha kusoma. Halafu ipo sheria. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa kosa kubwa, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Kiboko kinachochapwa darasani bila idhini yako kimevunja kanuni, na wa kwanza kuulizwa ni wewe. Liseme hili kikaoni, waziwazi, kabla mtoto hajaumia.

Mzazi akija na mtoto asiye na sare?

Mpokee. Sare itafuata.

Nimepokea mwalimu wa ajira mpya. Nimwanzishie wapi?

Anzia pa kulala. Kijana ametoka Bukoba au Mtwara, hamjui mtu, ana begi moja na fedha za kuhesabu. Kabla hujamkabidhi ratiba, awe na chumba, ajue maji yanachotwa wapi na nani anauza chakula kwa mkopo mpaka mshahara utoke. Kisha mkabidhi kwa mwalimu mzoefu mmoja, kwa jina, wakae madarasa jirani. Wiki ya kwanza aingie darasani kwa mzoefu kutazama, ya pili mzoefu aingie kwake. Wewe kaa naye Ijumaa, mpitie maandalio yake ya somo, na usimsahihishe mbele ya watoto.

Siku ya kufungua mimi mwenyewe niwe wapi?

Usiwe ofisini. Barua na takwimu zitakungoja mpaka mchana. Simama getini kabla ya saa moja na nusu, umpokee kila mzazi aliyeshika mkono wa mtoto, na umwulize mtoto nyumbani anaitwa nani.