Namna ya Kuchonga Kisu cha Jiwe Ukiwa Mudaka

Wazee wa kale walichuna ngozi na kukata nyama kwa kitu gani kabla chuma hakijajulikana? Mkazi wa Mudaka, hapa Kivu Kusini, anaweza kulijibu swali hilo kwa mikono yake, kwa gharama ndogo sana. Atahitaji mawe mawili, kitako cha chupa nene iliyovunjika na kipande cha mfupa wa ng'ombe.

Ufundi wenyewe ni wa kwetu. Vyombo vya jiwe vya zamani zaidi vinavyojulikana duniani, vya miaka milioni 3.3, vilipatikana Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya. Hapa Kongo, pango la Matupi katika Mlima Hoyo, Ituri, lina vijiwe vidogo vya kukatia vyenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akakuta mfupa mashuhuri wenye alama zinazodhaniwa kuwa za kuhesabia. Kwenye ncha ya mfupa huo kumechomekwa kipande kikali cha kwatzi. Mfupa uko Brussels hadi leo.

Kwatzi ni lile jiwe jeupe, pengine linalopenyeza mwanga, ambalo wachimba dhahabu wa Kivu Kusini wanalijua vizuri, maana dhahabu hujificha katika mishipa yake. Ulaya walitumia zaidi gumegume, jiwe linalopasuka kwa utiifu. Kwatzi ni kaidi, nami nawaheshimu sana waliolimudu. Anayeanza asianze nalo. Atafute kwanza jiwe jeusi la volkano, yaani basalti, ambalo limejaa pande za Bukavu. Chagua lenye punje ndogo kabisa, lisilo na vitundu. Ligonge kwa jiwe lingine usikilize: likitoa mlio mkali ni zima, mlio mzito ni dalili ya ufa ndani, liache.

Sasa kinga, kabla ya pigo la kwanza. Vibanzi huruka, na kibanzi kikiingia jichoni hakisamehe. Nunua miwani ya kinga kwa wauza vifaa vya kuchomelea vyuma mjini Bukavu. Pengine ndiyo itakayokuwa gharama yako pekee. Vaa viatu vilivyofunika vidole, funika paja kwa ngozi nene au gunia lililokunjwa mara kadhaa. Fanya kazi nje, upepo ukitokea mgongoni, na ujifunge kitambaa kilicholowa maji puani na mdomoni, ingawa hakizuii vumbi lote. Vumbi la kwatzi huleta silikosisi, ugonjwa unaoweka makovu mapafuni na usiopona, uleule unaowamaliza wachimbaji wanaotoboa miamba bila kinga. Watoto wakae mbali.

Keti kwenye kigoda. Jiwe unalotaka kulichonga tuliite jiwe mama. Lishike kwa mkono wa kushoto juu ya paja. Mkono wa kulia ushike jiwe la mtoni, la mviringo, linaloenea kiganjani. Watu wanaoponda kokoto kando ya barabara hulipiga jiwe katikati, kwa sababu wao wanataka livunjike tu. Wewe unataka lipasuke kwa mpango. Kwa hiyo tafuta ukingo ambapo uso bapa unakutana na ubavu kwa pembe iliyo kali kuliko kona ya tofali. Piga juu ya uso bapa, nusu sentimita hadi sentimita moja kutoka ukingoni, mkono ukishuka na kupita bila kusita. Kibanzi kitabanduka upande wa chini. Kisipobanduka, usiongeze nguvu, badilisha pembe. Wengi hukosea hapo, wakaishia kujiumiza vidole.

Kigeuze kibanzi hicho taratibu. Chini ya mahali ulipopiga utaona uvimbe mdogo laini, na makali pembeni. Jaribu kukatia kamba au ngozi ya kuku. Utashangaa.

Ukishazoea basalti na kuhamia kwenye kwatzi, huhitaji kulishika pajani. Lisimamishe juu ya jiwe bapa kama fuawe ya mhunzi, kisha ulipige kutoka juu. Litapasuka vipandevipande, nawe uchague vilivyo vikali.

Kitako cha chupa ni cha kujifunzia kumalizia makali. Hapa hupigi, unasukuma: chonga ncha ya mfupa, iegemeze ukingoni mwa kioo, kandamiza hadi kipunje kiruke upande wa chini, kisha sogea hatua ndogo. Kiganja kinachoshika kioo kifunikwe kwa ngozi.

Ukimaliza, zoa vibanzi vyote, hata vya mawe, uvifukie shimoni pamoja na sarafu au kizibo cha soda. Kitu hicho kitamwambia mtafiti wa kesho kwamba vibanzi hivyo si vya kale.

Mkono ukishazoea, jicho nalo litaanza kuona. Huenda siku moja jembe likafukua shambani jiwe lenye ule uvimbe, na alama za mapigo kutoka pande kadhaa. Usilioshe, usiliuze, usilinoe upya. Lipige picha palepale lilipo pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, andika jina la mahali na kina cha shimo, kisha mwarifu chefu wa kijiji. Kituo cha utafiti cha Lwiro hakiko mbali, njia ya Miti na Kavumu. Peleka picha huko uombe mwongozo. Mali ya kale inalindwa na sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971. Jiwe likishang'olewa mahali pake, sehemu kubwa ya habari zake hupotea, kwa hiyo tafadhali liache udongoni mpaka mwenye ujuzi afike.