Bima kwa Mkandarasi Mdogo: Fomu Ijazwe Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu. Kupitia nafasi hiyo, wakazi wengi huingia katika kazi ya ujenzi kwa mara ya kwanza. Wengi wao hukutana na bima siku wanapoambiwa waambatishe cheti chake kwenye mkataba. Hununua cheti cha bei ya chini kabisa, wakakiweka katika faili na kuanza kazi.

Hasara huja baadaye. Novemba 2023 Mto Tana ulivunja kingo zake, maji yakaingia mitaa ya chini ya mji wa Garissa, na barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo. Mafuriko yalirudi Aprili na Mei 2024. Saruji ikishalowa haina kazi tena, na mwenye jengo bado anasubiri jengo lake. Hapo ndipo mkandarasi hufungua faili kuona alinunua nini. Somo hili linaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kufika hapo.

Aina za bima zinazohusika

Bima ya hatari zote za kandarasi hulinda jengo linaloendelea kujengwa na vifaa vilivyo mahali pa kazi. Kwa kawaida huwa na sehemu ya pili inayolipia madai ya watu wengine, kwa mfano ukuta ukibomokea duka la jirani au jiwe likimwangukia mpita njia.

Bima ya wafanyakazi ni lazima kisheria. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kama WIBA, inamtaka kila mwajiri kuwakatia bima watu wake. Mfanyakazi akifariki au akipata ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni sawa na mapato ya miezi 96. Mkandarasi asidhani kwamba vibarua wa siku hawahesabiki kwa kuwa hawana barua ya ajira.

Bima ya mali hulinda stoo, ofisi na mitambo dhidi ya moto, wizi na hatari nyingine zilizotajwa katika mkataba. Lori lililo barabarani huhitaji bima yake lenyewe.

Kuna jambo moja linalochanganya wengi. Dhamana ya utekelezaji inayotolewa na benki au kampuni ya bima si kinga ya mkandarasi. Humlinda mwenye kazi. Mkandarasi akishindwa kumaliza, kampuni humlipa mwenye kazi, kisha humdai mkandarasi pesa hizo.

Hatua za kuomba

Kwanza, mkandarasi ahakikishe kuwa kampuni na wakala wake wana leseni ya mwaka huo kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).

Pili, aandae stakabadhi: cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA, leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), barua ya kupewa kazi au mkataba, orodha ya kazi na gharama ambayo wengi huiita BQ, orodha ya mitambo na bei zake, pamoja na idadi ya wafanyakazi na mishahara yao.

Tatu, ajaze fomu ya maombi mwenyewe, au asomewe kila swali kabla ya kutia sahihi. Wakala akiijaza kwa haraka na mkandarasi akasaini bila kusoma, makosa yote ni ya aliyesaini. Jengo likiwa karibu na laga au ukingo wa mto, aseme. Akiwahi kupata hasara, aseme. Kampuni inaweza kukataa kulipa ikigundua kwamba jambo muhimu lilifichwa.

Nne, ataje thamani kamili. Chukulia stoo yenye vifaa vya Sh2,000,000 ambayo mwenyewe ameiandika kuwa Sh1,000,000 ili ada ipungue. Moto ukiharibu vifaa vya Sh400,000, hatalipwa Sh400,000. Kwa kuwa alikata bima ya nusu ya mali, hulipwa nusu ya hasara, yaani Sh200,000, tena baada ya kutolewa kiasi ambacho mkataba unamtaka abebe mwenyewe.

Tano, alipe ada kabla ya kazi kuanza. Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari ambayo ada yake haijalipwa. Pesa ziingie katika akaunti ya kampuni, na risiti itunzwe.

Yanayoachwa nje

Kila mkataba una ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na kwa Garissa, Wajir na Mandera ukurasa huo una uzito wa pekee. Ugaidi na vita kwa kawaida huachwa nje, hivyo anayejenga katika maeneo yenye hatari hiyo aulize gharama ya kuongeza kinga yake. Aulize pia kuhusu mafuriko: je, yamo, na kwa masharti gani? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, kwa sababu ahadi ya mdomo haimsaidii mtu siku ya dai.

Muda nao una mwisho. Kazi ya miezi sita ikichelewa hadi minane kwa sababu ya mvua au malipo, bima haijiongezi yenyewe. Mkandarasi aombe nyongeza kabla ya tarehe kupita.

Kwa wanaojiepusha na riba

Baadhi ya wakazi hukwepa bima kwa sababu ya riba na gharar. Kuna njia ya takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wa pamoja wa kusaidiana na uwekezaji hufuata sharia. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi nchini mwaka 2011, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kupitia mpango wake wa mifugo na ukame. Hata hivyo, fomu ya takaful nayo hutaka ukweli na thamani kamili.

Hasara inapotokea

Mkandarasi aarifu kampuni mara moja, apige picha, na asiondoe mabaki kabla hayajakaguliwa. Kwa wizi, aripoti polisi. Kwa mfanyakazi aliyeumia, ampeleke hospitali kwanza, kisha aripoti kwa afisa wa usalama kazini ndani ya siku saba. Kifo huripotiwa ndani ya saa 24.

Mtu wa nje akiumia, wazee huketi haraka kutafuta maslaha. Ni desturi njema inayozuia ugomvi, lakini mikataba mingi ya bima hukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mkandarasi apige simu kwa kampuni kabla kikao hakijafunga hesabu, la sivyo huenda akalipa yote kutoka mfukoni mwake.

Maswali ya kujipima

1. Dhamana ya utekelezaji humlinda nani?
2. Mali ya Sh600,000 imekatiwa bima ya Sh300,000, na hasara ni Sh100,000. Fidia ni kiasi gani kabla ya makato?
3. Kwa kazi iliyopo sasa, bima inaisha tarehe gani, na kazi itaisha lini?
4. Je, mafuriko na ugaidi vimo? Vimeandikwa ukurasa gani?

Mkandarasi asiyeweza kujibu swali la tatu na la nne kwa bima aliyonayo atoe mkataba wake kwenye faili na kuusoma leo, mvua ikiwa bado mbali.