Kushindwa kwa Ufaransa Mwaka 1940: Suala la Silaha au la Maamuzi?

Utangulizi

Tarehe 10 Mei 1940, majeshi ya Ujerumani yalizivamia Uholanzi, Ubelgiji, Luxembourg na Ufaransa. Tarehe 22 Juni mwaka uo huo, wajumbe wa Ufaransa walitia sahihi mkataba wa kusitisha vita katika msitu wa Compiègne, ndani ya behewa lile lile ambamo wajumbe wa Ujerumani walitia sahihi yao mnamo Novemba 1918. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki sita tu. Taifa lililostahimili miaka minne ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia lilikuwa limeanguka.

Maelezo mawili ya tukio hili yamezoeleka. La kwanza hudai kuwa Wajerumani walikuwa na silaha nyingi na bora zaidi. La pili, kuwa Wafaransa hawakuwa na moyo wa kupigana. Makala haya yanadhamiria kuonyesha upungufu wa maelezo hayo. Tunahoji kuwa kasi ya anguko hilo ilitokana, zaidi ya yote, na namna maamuzi yalivyofanywa na kufikishwa kwa waliopaswa kuyatekeleza.

Hoja ya Silaha

Ujerumani ilishambulia ikiwa na vifaru takribani 2,500. Ufaransa peke yake ilikuwa na zaidi ya 3,000. Baadhi yavyo, mathalani vile vilivyoitwa Char B1 bis, vilikuwa na bamba la chuma lenye unene wa milimita 60, ambalo bunduki za vifaru vingi vya Ujerumani hazikuweza kulipenya. Aidha, sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilitembea kwa miguu, na mizigo yake ikavutwa na farasi. Ni angani tu ambako Wajerumani walikuwa na nguvu zilizo dhahiri.

Tofauti ilikuwa katika matumizi. Wajerumani walivikusanya vifaru vyao katika divisheni 10 na kuvifungia redio, ili makamanda wawasiliane vita vikiendelea. Wafaransa walitawanya vifaru vyao vingi miongoni mwa vikosi vya askari wa miguu, na vingi havikuwa na redio. Isitoshe, katika vifaru vyao vingi, kamanda alikuwa peke yake ndani ya kizimba cha juu: atazame, apakie risasi, alenge, afyatue, na wakati uo huo aongoze. Kifaru kilikuwa imara, aliyekiongoza alilemewa.

Hoja ya Moyo wa Kupigana

Katika wiki hizo sita, wanajeshi wa Ufaransa wasiopungua 50,000 waliuawa. Katika kijiji cha Stonne, kusini mwa Sedan, mapigano ya kati ya Mei yalikuwa makali hata kijiji kikawa kinatekwa na kukombolewa mara kwa mara. Hiyo si picha ya jeshi lililokataa kupigana.

Ushahidi mwingine unatuhusu Waafrika. Tarehe 17 Juni, Pétain alikwisha tangaza redioni kuwa mapigano yakome. Hata hivyo, siku mbili baadaye, askari kutoka makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi walikuwa wangali wakiwazuia Wajerumani huko Chasselay, karibu na Lyon. Walipotekwa, walitengwa na wenzao Wazungu, na tarehe 20 Juni wapatao 50 wakapigwa risasi na kuuawa. Anayesema kuwa Ufaransa ilishindwa kwa uoga huwafuta watu hawa katika historia kwa mara ya pili.

Kasi ya Matukio na Kasi ya Amri

Tuitazame sasa hoja ya maamuzi. Katika miaka ya 1930, Ufaransa ilijenga ngome za Maginot katika mpaka wake na Ujerumani. Ngome hizo zilitimiza kazi yake, kwani adui alizikwepa. Makosa yalikuwa kwingine. Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi, aliamini kuwa shambulio kuu lingepitia Ubelgiji. Hivyo akapeleka huko vikosi vyake bora, likiwemo jeshi la saba ambalo lingekuwa akiba yake. Eneo la Ardennes, lenye milima na misitu, lililindwa na vikosi dhaifu kwa kuwa lilidhaniwa kuwa gumu kupitika upesi.

Vifaru vya Ujerumani vilipita papo hapo. Tarehe 13 Mei, vikosi vya Jenerali Guderian viliuvuka mto Meuse huko Sedan. Makao makuu ya Gamelin, katika ngome ya Vincennes, hayakuwa na redio. Amri zilitegemea simu na matarishi. Amri ilipofika, hali iliyoizaa ilikuwa imekwisha badilika. Tarehe 16, Churchill alipouliza akiba ya majeshi iko wapi, Gamelin alijibu kuwa haipo. Tarehe 20, Wajerumani walifika Abbeville karibu na bahari, na majeshi yaliyokuwa Ubelgiji yakazingirwa. Zaidi ya wanajeshi 338,000 waliokolewa kwa meli kutoka Dunkirk, lakini silaha zao nzito zilibaki.

Hata hivyo, tusiwafanye Wajerumani kuwa malaika wa vita. Wakuu wao wenyewe waliogopa kasi hiyo na kumwamuru Guderian asimame tarehe 17 Mei. Walikosea pia, ila makosa yao yalirekebishwa mapema kuliko ya Wafaransa.

Tarehe 14 Juni Paris ilitekwa bila mapigano. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Reynaud alijiuzulu, na Pétain, mzee wa miaka 84, akashika usukani na kuomba kusitishwa kwa vita. Wanajeshi takribani milioni 1.8 walikuwa mateka.

Athari kwa Afrika Mashariki

Anguko hili halikukomea Ulaya. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, Ufaransa ikiwa tayari inayumba, na mwezi uliofuata Waitalia waliokuwa Ethiopia wakaiteka Moyale ya Kenya. Bukini nayo ilibaki mikononi mwa serikali ya Pétain. Mwaka 1942, askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya mawasiliano jeshini, walipelekwa huko kusaidia kuitwaa.

Hitimisho

Mwanahistoria Marc Bloch, aliyekuwa kapteni katika vita hivyo, aliandika uchambuzi wake mwaka 1940, miaka minne kabla ya kuuawa na Wajerumani. Aliwalaumu hasa viongozi wa kijeshi, kwamba fikra zao zilikuwa za vita vilivyopita. Twaweza kulieleza jambo hilo kwa methali zetu. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwafunza majenerali wa Ufaransa kuwa haraka haraka haina baraka, na funzo hilo lilinunuliwa kwa damu nyingi. Mwaka 1940 uliwadai methali nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila methali ina wakati wake, na kuujua wakati huo ndiyo hekima. Msomi anayetosheka na jibu la "walikuwa waoga" au "walizidiwa silaha" hawezi kuuona mpaka huo, na atakuwa amewalipisha askari deni la wakubwa wao.