Kidato cha Sita: Jizoeze Kujibu, Si Kusoma Tu

Kila Mei, watahiniwa wa kidato cha sita wa Nsumba, Bwiru, Nganza na shule nyingine za kanda hii ya ziwa hufanya mtihani mmoja na wenzao wa nchi nzima, ule wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Wengi wamepiga msuli kwelikweli. Wamekesha, wamejaza madaftari, wamebeba madesa mpaka mifuko imechanika. Halafu matokeo yanatoka na daraja lisilolingana na jasho lao. Hao ndio wanaoniuma. Wengi wao somo walilijua, ila miaka miwili yote walijizoeza kusoma na hawakujizoeza kujibu.

Kwanza, mdogo wangu, jua unachokitafuta, maana hapa kuna hesabu mbili na watu wanazichanganya. NECTA huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, hadi F ambayo ni 7, kisha hujumlisha masomo matatu ya kombi yako. Ukipata kati ya 3 na 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, yenyewe hugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa kawaida, sharti la chini la kuingia shahada ya kwanza moja kwa moja ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Yaani D mbili zinafungua mlango. Lakini kozi zenye ushindani hazikomei hapo. Anayetaka udaktari, kama pale Bugando, anatakiwa afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Kwa hiyo mwenye PCB anayeendelea kuipamba Baiolojia aliyoiweza tangu kidato cha tano, huku Fizikia ikichechemea, anapoteza muda wake. Saa zako nyingi zipeleke kwenye somo linalokuvuta chini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila mtahiniwa wa Mwanza alijue. Katika tovuti ya NECTA kuna nyaraka mbili za bure. Ya kwanza ni fomati ya mtihani: inaeleza kila pepa ina sehemu ngapi, maswali mangapi, na mada zipi zinatahiniwa. Mtaala umefanyiwa maboresho miaka hii, kwa hiyo usirithi fomati ya kaka yako. Chukua inayohusu mwaka wako. Ya pili ni ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na hii naithamini kuliko desa lolote linalouzwa steshenari. Inapita swali moja baada ya jingine, inaonyesha wangapi walifanya vizuri na wangapi waliharibu, kisha inaeleza waliharibu wapi. Ndani yake utakuta picha za majibu yenyewe, mwandiko wa mtahiniwa kabisa: moja la aliyepata, jingine la aliyekosa. Utamwona mtu aliyetakiwa aeleze akaorodhesha. Utamwona aliyejibu swali alilolitamani badala ya aliloulizwa, au aliyekokotoa vizuri kisha akasahau vizio.

Usiisome ripoti hiyo kama hadithi. Funika uchambuzi, soma swali, liandikie jibu kamili kwenye karatasi, ndipo ufunue ujisahihishe. Bando likiwa shida, pakueni kwa simu moja na wenzako mrushiane, kisha mchapishe kurasa za masomo yenu peke yake.

Halafu saa. Pepa nyingi za nadharia ni saa 3 kwa alama 100. Dakika 180 ukizigawa kwa 100, kila alama moja ina chini kidogo ya dakika 2. Swali la alama 10 lina dakika 18, la alama 15 lina 27. Wanaofeli kwa kosa la saa wana dalili ileile: swali la kwanza, wanalolijua sana, limejazwa kurasa nyingi, na la mwisho lina mistari mitatu iliyokatika katikati. Alama za ziada kwa urefu hazipo. Kuanzia miezi mitatu kabla ya Mei, kila Jumamosi fanya pasti pepa moja nzima, saa mezani, bila daftari, bila kuinuka. Kama nyumbani Igogo au Mabatini kuna kelele na kazi haziishi, nenda maktaba ya mkoa pale mjini.

Diskasheni nazo ziwe na utaratibu. Kundi la watu wanne linatosha, na kila mmoja aje na jibu aliloliandika tayari. Badilishaneni karatasi, sahihishaneni, na mtu atetee alichoandika. Kikao ambacho mmoja anaongea na wengine wanaitikia kinamfaidisha huyo mmoja tu.

Mtoto wa Mwanza ana hazina nyingine anayoiacha nje ya chumba cha mtihani. Maswali mengi ya insha hudai mifano, na wengi huandika mifano ya kwenye desa ambayo hata mtunzi wake hakuielewa. Wewe umezungukwa nayo. Kwenye Jiografia, miamba ya matale iliyobebana kando ya ziwa ni mfano hai wa jinsi mwamba unavyochakaa na kumeguka. Kwenye Baiolojia, sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na jinsi furu walivyopungua ni somo zima la ikolojia, na magugu maji yanaongeza jingine. Kwenye Uchumi, Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya minofu na wavuvi waliumia. Hapo una hoja kuhusu kutegemea soko moja. Kwenye Historia, wakulima wa pamba wa Usukuma walijenga ushirika wenye nguvu, na Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mfano unaoujua kwa macho hauusahau ukiwa na hofu.

Usiku wa mwisho utaletewa "pepa iliyovuja" kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Usifungue, usilipe. Mara nyingi ni utapeli, na ikiwa si utapeli, NECTA hufuta matokeo ya wanaobainika kufanya udanganyifu. Lala mapema.

Kwa mzazi: kuanzia Aprili mpunguzie mwanao zamu ya duka na safari za mwaloni Kirumba. Anahitaji saa 3 zisizokatizwa, hata kama ni Jumamosi tu.

Nawe mtahiniwa, usingoje moko. Pakua leo ripoti ya somo linalokusumbua zaidi, chukua kalamu na karatasi, anza na swali la kwanza.