🌙 RAMADHANI, SIKU YA 14: Raha Ndogo na Safari ya Kurudi Nyumbani



Ndugu yangu, darsa la leo ni la watu wa barabarani, na la wale waliowaacha nyumbani.

Simama Makambako jioni ya Ramadhani, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Utawaona: dereva wa lori na utingo wake, mnunuzi wa viazi, mfanyabiashara wa parachichi anayetoka Njombe. Magharibi inaingia, mtu anafuturu kwa tende mbili na maji ya chupa, kasimama kando ya gari, baridi inampiga. Mkewe na watoto wako Dar au Tanga, nao wanafuturu bila yeye.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba safari ina sehemu ya adhabu, maana humnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake. Kwa hiyo msafiri akishamaliza haja yake, asikawie, arudi kwa watu wake.

Hebu vitazame vitu hivyo vitatu. Si ndivyo hivyo hivyo saumu inavyovigusa? Chakula, kinywaji, na usingizi tunaoukata kwa ajili ya daku. Vyote ni halali. Ni raha za kila siku ambazo tumezizoea mpaka hatuzioni tena: chai ya tangawizi, uji wa ulezi wa moto, mtoto anayelala begani kwako. Saumu na safari zinatuwekea mpaka kidogo, ndipo macho yanafunguka.

*Jifunze kwa Kitulo*

Ukipita Njombe na Makete, au ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa zile kona za Hamsini na Saba, unafika uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Kiangazi utaona nyasi tu. Mvua zikishika, kati ya Novemba na Aprili, uwanda mzima unachanua, na okidi peke yake ni zaidi ya aina 40. Kumbe viazi vyake vilikuwa chini ya udongo muda wote, vikisubiri.

Viazi hivyo huliwa. Vilichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Ikahofiwa kwamba maua yatakwisha, na hiyo ni moja ya sababu za Kitulo kulindwa, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Yaani raha isiyo na mpaka hula mpaka mbegu yake. Ikiwekewa mpaka, inarudi kila msimu.

*Faida ya kifiqhi*

Allah amempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine (Al-Baqarah, aya ya 184 na 185). Ila kwa madhehebu ya Shafi, safari iwe ndefu, kama kilomita 80 na zaidi, na uwe umeshatoka mjini kwako kabla ya alfajiri. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, hiyo haitoshi. Dar hadi Makete inatosha bila shaka. Ukiwa na hali yako maalumu, muulize sheikh wako.

*Sasa tuje nyumbani*

Hadithi ile haikuishia kwenye tabu ya njia. Imeagiza kurudi. Wapo wanaomaliza biashara Jumatatu wakarudi Alhamisi, bila sababu. Wapo wanaorudi mwili tu: baba anafuturu, jicho liko kwenye simu, na mama aliyefunga, akapika, akaamsha watoto daku peke yake wiki nzima, haambiwi hata "pole, mke wangu". Ndugu yangu, hiyo nayo ni haki ya mtu, na haki za watu ni nzito.

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.), Abubakar na Umar (r.a.) walitoka siku moja kwa njaa, wakakaribishwa na Answari mmoja. Walipokwisha kula tende na nyama na kunywa maji, Mtume akawaambia kuwa wataulizwa kuhusu neema hiyo. Ikiwa wao wataulizwa kwa mlo mmoja baada ya njaa, sisi wa futari ya kila siku tutajibu nini?

*Kazi ya leo*
1. Uko safarini? Piga simu kabla ya Magharibi, uombe dua nao. Dua ya msafiri hairudishwi.
2. Haja yako imekwisha? Kata tiketi, rudi.
3. Uko nyumbani? Weka simu mbali, futuru na wanao, mshukuru aliyepika.

Ewe Mola wetu, wafikishe wasafiri wetu salama, zihifadhi nyumba zetu, na utujaalie kuziona neema zako kabla hazijaondoka. Aamin.

Mtumie na mwenzio aliye njiani. Tukutane kesho inshaallah.