Ushujaa Usio na Sheria: Habari za Joseph Darnand

Ushujaa ni sifa njema kwa askari, lakini ushujaa ukitengwa na sheria huwa hatari kwa watu wote. Habari za Joseph Darnand wa Ufaransa zaonyesha jambo hilo.

Darnand alizaliwa mwaka 1897. Mwezi wa Julai 1918 alipenya katika mahandaki ya Wajerumani, akarudi na mateka waliotoa habari za shambulio lililokuwa likitayarishwa. Kwa tendo hilo alipewa nishani. Vita vya pili vilipoanza alipigana tena na Wajerumani, akapewa nishani nyingine.

Mwaka 1940 Ufaransa ilishindwa, na serikali ya Jemadari Mkuu Pétain, iliyokaa mji wa Vichy, ikashirikiana na adui. Mwezi wa Januari 1943 serikali hiyo iliunda jeshi la mgambo liitwalo Milice, na Darnand akawa kiongozi wake. Mwaka huohuo akala kiapo cha kumtii Hitler.

Kazi ya Milice ilikuwa kuwasaka Wafaransa wenzao waliowapinga Wajerumani, na kuwakamata Wayahudi. Mwezi wa Januari 1944, Darnand akiwa sasa msimamizi wa polisi wote, yaliwekwa mabaraza ya waamuzi watatu. Mshtakiwa hakuwa na wakili wala rufani. Akihukumiwa, alipigwa risasi mara moja.

Wengine hawakufikishwa hata mbele ya mabaraza hayo. Victor Basch, mzee wa miaka 80 aliyetetea haki za watu, aliuawa pamoja na mkewe karibu na Lyon. Jean Zay, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitolewa gerezani tarehe 20 Juni 1944 kama kwamba anahamishwa, akauawa msituni. Mwezi uliofuata akauawa Georges Mandel, naye waziri wa zamani.

Wajerumani walipofukuzwa Darnand alikimbia, akakamatwa Italia mwaka 1945. Tarehe 3 Oktoba alisimama mahakamani mjini Paris. Mashtaka yakasomwa hadharani, wakili akamtetea, naye mwenyewe akajibu. Alihukumiwa kufa, akapigwa risasi tarehe 10 Oktoba.

Basi, kile alichowanyima Basch, Zay na Mandel, yeye alikipata: kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mahakama na genge la wauaji. Nchi inayoiacha desturi hiyo haitalindwa na nishani za mashujaa wake.