Moyo dhaifu: vidonge vya Petite Barrière au chakula cha nyumbani?



Ukipita Petite Barrière kwa miguu, kati ya wauza nyanya, unga na makayabo utakutana na watu wenye chupa ndogo za vidonge. Watakuambia kuwa ni "chakula cha moyo", na kwamba ukivimeza huhitaji tena dawa za hospitali. Mama mmoja jirani yetu alinunua. Akaacha furosemaidi, ile ambayo wengi tunaiita Lasix. Nilipomtembelea siku chache baadaye, viatu havikumwingia tena, na usiku alikuwa analala ameketi kwa kukosa pumzi. Akaniambia: "Mwanangu, nilidhani napona, maana sikuwa nakojoa kila saa."

Hapo ndipo kosa lilipo. Moyo ukiwa dhaifu hausukumi damu vizuri, figo nazo hushika chumvi na maji. Maji hayo hujaa miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Kukojoa sana ndiyo kazi ya dawa ile.

Je, vidonge vya nyongeza ni uongo mtupu? Hapana. Kimoja kinaitwa koenzimu Q10, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe ili upate nguvu. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 420 wa moyo, waliofuatwa kwa miaka 2. Waliomeza Q10 walipata matatizo makubwa ya moyo 15 kwa kila 100, na wengine 26. Lakini sikiliza vizuri: wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Hakuna aliyeambiwa aziache. Tena utafiti huo ni mdogo, na chupa ya barabarani hujui ndani yake kuna nini.

Iko hali moja ambapo nyongeza ndiyo dawa yenyewe. Mtu anayekula wali mweupe au ugali wa muhogo tu siku zote, au anayekunywa pombe kuliko anavyokula, anaweza kukosa vitamini B1, moyo ukashindwa na mwili ukavimba. Daktari akimpa B1 hupata nafuu upesi sana. Maharagwe na karanga vina vitamini hiyo, na pesa ya chupa moja ya vidonge hununua maharagwe ya siku nyingi.

Na chumvi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Sisi tunaipita bila kujua: makayabo, samaki wakavu wa chumvi, na Maggi kwenye kila sufuria. Makayabo loweka usiku kucha, ubadilishe maji mara kadhaa. Mwenye moyo dhaifu ni heri ale sambaza wabichi. Lakini usijitese kwa kula sombe isiyo na ladha kabisa. Utafiti wa mwaka 2022 kwa wagonjwa 806 ulionyesha kuwa kubana chumvi kupita kiasi hakukupunguza vifo, ingawa wengine walijisikia vizuri zaidi kidogo. Msaada wa chakula ukipungua, mgonjwa asiwe wa kwanza kunyimwa sahani. Mgonjwa wa moyo akikonda huzidi kudhoofika.

Jihadhari pia na vidonge vya potasiamu na ile "chumvi ya wagonjwa" ya dukani, ambayo mara nyingi ni potasiamu. Ukiwa unameza spironolaktoni au kaptoprili, potasiamu inaweza kuzidi na kusimamisha moyo ghafla.

Kama umeshanunua chupa, usiifiche. Ilete kwenye kituo cha afya pamoja na dawa zako, hakuna atakayekugombeza. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au viatu vikianza kukubana, njoo siku hiyo hiyo. Na ukiamka usiku huwezi kupumua, mwamshe jirani akulete. Usingoje kupambazuke.